Simu za Watu Walio Chini

Msibani kwa Mama Shija nilikaa na wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Mmoja wao, ambaye hakunifahamu, aliniuliza nilimjuaje marehemu. Nikamwambia niliwahi kufanya utafiti kwenye mgahawa wake hapa Mwakitolyo. "Utafiti wa nini? Wa maharage?" akauliza, na wenzake wakacheka vile watu wanavyocheka msibani, kiganja kikiwa mdomoni. Nikasema ulikuwa utafiti wa simu. "Kumbe msomi," akasema, nami nikajibu hapana, haraka mno, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi. Sina cheti cha ninachokifanya. Nilijifunza mwenyewe, na mtu aliyejifunza mwenyewe huishi akisubiri siku atakayoulizwa swali ambalo wenzake wote walifundishwa jibu lake darasani. Nikaendelea kuchambua mchele. Niliondoa hata punje zilizovunjika kidogo, mpaka yule mama akaniambia, "Binti, huu ni wa kula, si wa maonyesho."

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Ngokolo, mjini Shinyanga, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Kompyuta ya duka ndiyo ilikuwa shule yangu. Wateja wakipungua nilifungua masomo ya kuandika programu, nikayarudia kwa sauti ya chini hadi mwenye duka akaniuliza kama nasali. Dada Rehema alikuja hapo kuchapa dodoso. Alikuwa anasomea uzamivu Dar es Salaam, na utafiti wake ulihusu namna watu wanavyotumia simu wakiwa pamoja, nyumbani, kazini, au wakiwa wanakula. "Mimi siangalii simu," aliniambia. "Naangalia watu walioizunguka." Programu yake ya kurekodia mahojiano iligoma palepale kaunta, nikaomba niijaribu. Nilipomrudishia ikiwa inafanya kazi, aliniuliza nimesoma chuo gani. Nikamwonyesha kwa kidole kompyuta ya duka, akaelewa. "Sawa," akasema. "Utaweza kukaa Mwakitolyo?" Nilisema ndiyo, kisha usiku huo sikulala, kwa sababu nilikuwa na hakika amenichukua kwa makosa na atagundua kabla wiki haijaisha.

Nilipangiwa chumba nyuma ya mgahawa wa Mama Shija. Kilikuwa cha mabati, na kilitenganishwa na jiko kwa turubai tu, hivyo nililala na harufu ya moshi na dagaa na kuamka na mazungumzo ya watu ambao sikuwa nimewaona sura. Wachimbaji walianza kuingia kabla jua halijachomoza. Walikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai ya rangi, wengine ugali kabisa, na kila mmoja alipomaliza alimkabidhi Mama Shija simu yake. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote. Anayezama kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, haendi na simu, maana chini hakuna mtandao na maji na vumbi huiua upesi. Mama Shija alikuwa na rafu ya mbao yenye vyumba vidogo, kila simu na chumba chake, na mchana kutwa rafu ile iliita. Yeye alipokea, simu kwenye spika, mikono ikiwa na unga. Nyuma ya turubai nilimsikia: "Hajambo, amezama. Ndiyo, amekula. Ugali na dagaa. Nani kampikia? Mimi hapa, mwanangu, na nina wajukuu, usiogope." Asubuhi moja kijana mmoja alimwomba, "Mama, yule msichana wa Kahama akipiga, mwambie nimezama."

"Na ukiwa umekaa hapa?"

"Mwambie nimezama kabisa."

"Nitamwambia umezama kwenye supu yangu na bado hujailipia," akajibu, na benchi zima likacheka.

Dada Rehema alipenda rafu ile kuliko kitu chochote alichokiona Shinyanga. Alisema tumezoea kudhani simu ni ya mtu mmoja, na hapa kuna simu za watu kadhaa zinazosemewa na mwanamke mmoja anayesonga ugali. Ila familia za wachimbaji, tulipozitembelea, zilisema Mama Shija hapatikani kila saa, na kwamba kipindi kibaya kuliko vyote ni jua likizama bila kujua kama mtu wao amepanda. Ndipo tukakubaliana nitengeneze kitu kidogo. Mchimbaji akichukua simu yake rafuni anabonyeza kitufe, na nyumbani kwake inapigwa simu yenye sauti iliyorekodiwa ikisema amepanda. Kama hajachukua hadi saa kumi na mbili jioni, inapigwa simu nyingine ikisema bado hajapanda. Tulichagua sauti kwa kuwa wengi nyumbani hawasomi ujumbe bila kumwita mtoto wa jirani. Sauti ikawa yangu.

Jaribio la kwanza lilishindwa kwa namna ambayo bado inanichekesha na kuniumiza. Watu wazima walikata simu. Sauti ya msichana inaingia masikioni mwa mama mkwe wa mtu na kuanza kueleza habari bila hata salamu! Mmoja alimwambia mwanawe amtafute huyo binti na kumuuliza kwao wapi. Basi nikarekodi upya, nikianza na shikamoo, halafu nikaacha kimya ili mwenye simu aitikie. Kimya kile kilinitesa. Kikiwa kifupi, sauti inamkatiza mzee. Kikiwa kirefu, mzee anadhani simu imekatika. Nilikipima na kukipima, nikakirekodi mpaka Mama Shija akaanza kuitikia marahaba kutoka jikoni bila kugeuka. Nilifanya hivyo pia kwa kila neno lililofuata. Jioni sauti ilisema: Shikamoo. Naitwa Kabula, napiga kutoka Mwakitolyo. Bado hajapanda, yuko kazini. Akipanda nitawaambia. Niliipenda ile "yuko kazini". Nilikuwa nimeijaribu mbele ya wake wa wachimbaji, nao walisema inatuliza. Siku nyingi watu huchelewa chini kwa sababu za kawaida tu, jiwe limekuwa gumu, au zamu haijaja, na hapakuwa na haja ya kumtisha mtu.

Familia zilikubali turekodi majibu yao, na kuyasikiliza ikawa kazi yangu ya kila siku. Nilidhani nitasikia watu wakisikiliza mashine. Nikasikia nyumba. Nyumba niliyoizoea zaidi ilikuwa ya Yohana, fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisibomoke. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa Ushirombo na mama mkwe na mapacha wao, Kulwa na Doto. Salamu ilipolia, mapacha walishindana kuitikia. "Marahaba!" Na bibi yao kwa nyuma: "Ninyi mnaitikia marahaba kama nani? Mmemzaa?" Kisha Mama Kulwa, kwa sauti ya mtu aliyeinama kwenye jiko: "Marahaba mdogo wangu. Haya, tumesikia." Alijua fika kwamba hakuna mtu upande wa pili. Nilimuuliza tulipomtembelea, akasema, "Sasa mtu akikusalimia ukae kimya?" Yohana alikuwa akija jioni, miguu bado ina udongo mweupe, ananiomba nimwekee zile sauti. Alisikiliza akila, simu yangu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli lake la maharage, na Doto alipokaripiwa, Yohana alitikisa kichwa na kusema, "Huyo ni mimi kabisa." Nikiulizwa nilijifunza nini mwaka ule, jibu la kweli ni kwamba nilimjua mtu kupitia namna alivyosikiliza.

Duara lilibomoka wakati wa mvua za masika, asubuhi, chai ikiwa bado kwenye meza. Sikusikia kishindo. Nilichosikia ni makarasha, zile mashine za kusagia mawe, yakizimwa moja baada ya jingine, mpaka eneo lote likawa kimya na watu wakaanza kukimbia kuelekea upande mmoja. Chini walikuwa wawili, Yohana na kijana aliyemsaidia, aitwaye Masele, ambaye kwao hapakuwa kwenye orodha yetu ya simu. Wanaume walichimba kwa zamu, wengine wakipokezana ndoo za udongo. Kaka mtu alitafutwa tangu mapema, kwa kuwa habari ya namna hii hupelekwa kwa ndugu wa kiume kwanza. Yeye huchukua wazee wawili watatu, wanakwenda nyumbani, wanaketi, na hapo ndipo mke anaambiwa akiwa amezungukwa na watu. Lakini kaka yake Yohana alikuwa ameenda mnadani kununua ng'ombe, na simu yake haikupatikana mchana wote. Dada Rehema alikuwa Dar es Salaam. Nilimpigia, akasema, "Kabula, wewe uko hapo, mimi siko. Wasikilize watu wa hapo, halafu uamue." Niliyachukia maneno hayo. Nilitaka niambiwe la kufanya.

Jioni ilipokaribia nilikumbuka kwamba saa kumi na mbili sauti yangu itapiga Ushirombo. Itasalimia, itasubiri kuitikiwa, halafu itasema bado hajapanda, yuko kazini. Nilimwendea Katibu, msimamizi wa duara, aliyekuwa ameketi mgahawani amelowa tope hadi kifuani. Nikamweleza. "Iache iende," akasema. "Kuna uongo gani hapo? Hajapanda. Yuko kazini." Nikasema, Baba, atalala akijua mumewe yu salama. "Ndiyo. Alale. Kesho kaka mtu atapatikana." Nikamtazama Mama Shija. Alikuwa amekaa mbele ya jiko lisilo na moto, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Mke wa mtu haambiwi kwenye simu," alisema. "Yuko na watoto, ana sufuria jikoni, utamwambia nini? Bado hatujui chochote."

"Hatujui, ndiyo. Nimwambie hatujui."

"Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea mtu?"

Niliingia nyuma ya turubai, nikafungua kompyuta. Sitaki kujifanya shujaa. Mawazo yangu hayakuwa safi. Kilichonishinda ni ile "yuko kazini" niliyoing'arisha kwa wiki nyingi. Niliona ikitoka kinywani mwangu na kumlaza Mama Kulwa usingizi. Nikaizima simu ya Ushirombo isipigwe. Nilidhani kwa kunyamaza nitakuwa nimewaheshimu wote, Katibu na Mama Shija na mke mwenyewe. Nikarudi jikoni, nikaketi. Saa kumi na mbili ikapita. Muda si mrefu simu ya Yohana ikaita rafuni, na sote watatu tukaitazama kana kwamba ni mtu aliyeingia bila kubisha. Mama Shija akaichukua, akaweka spika kama kawaida yake. Wakasalimiana kwa urefu, habari za kutwa, za watoto, za mvua. Alizijibu zote vizuri. Kisha Mama Kulwa akauliza, "Yule binti yuko wapi? Mbona leo hajatusalimia?"

"Yupo. Ana kazi kidogo."

"Naomba nimsikie."

Mama Shija alinitazama kwa muda. Angeweza kusema nimetoka. Akanyoosha mkono, akanipa simu. Nikasema shikamoo, na nikasubiri, kimya kilekile nilichokipima mwenyewe, ila safari hii sikujua kitaisha lini. "Marahaba," akasema hatimaye. Nikamwambia. Nilimwambia duara limebomoka asubuhi, Yohana na Masele wako chini, watu wanachimba tangu wakati huo, na hakuna ajuaye hali yao. Upande wa pili nilimsikia bibi akiuliza kwa Kisukuma amesema nini huyo. Mama Kulwa hakumjibu. Aliniuliza, "Yuko hai?" Nikasema sijui, dada. Kweli sijui. "Haya," akasema. "Nimesikia." Simu ikakatika. Niliirudisha rafuni, kwenye chumba chake, kwa uangalifu wa kijinga. Katibu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Shija akaniuliza swali moja tu.

"Umemwacha na nani?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimepima urefu wa kimya, nikachagua kila neno, na sikuuliza kama pale alipo kuna mtu mzima wa kumshika mkono zaidi ya mama mkwe ambaye naye alikuwa mama wa yuleyule aliye chini. Nilipiga tena, haikupokelewa. Usiku ule Mama Shija aliwapelekea wachimbaji uji shimoni na hakunisemesha.

Walitolewa kesho yake, jua likiwa limepanda. Masele alikuwa hai, amevunjika mguu. Yohana alikuwa ameshakufa. Masele alisema hawakuwa pamoja, udongo ulikuwa katikati yao, lakini walikuwa wakiitana. Yohana alikuwa akigonga timba na kuitikia, usiku kucha, na alinyamaza alfajiri. Mama Kulwa alifika mchana kwa gari la mizigo, akiwa na kaka mtu, ambaye ilibidi yeye mwenyewe amtafute. Wanawake walimpokea, na nilijificha nyuma ya turubai langu, nikisikia kilio chake kwa karibu kuliko nilivyostahili. Ni yeye aliyenifuata. Aliinua turubai, akaniona nimekaa sakafuni kati ya nyaya, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nikasema shikamoo.

Hakuitikia. Alisema, "Masele ameniambia alikuwa anagonga hadi alfajiri."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa macho hadi alfajiri. Nilitoka nje, nikawa namwita jina. Majirani walidhani nimepata wazimu." Alijifuta uso kwa kanga. "Usingeniambia, ningekuwa nimelala. Yeye anagonga, mimi nimelala." Nilianza kulia, naye akaniinulia mkono ninyamaze, kwa kuwa hakuwa amemaliza. "Lakini Doto alisikia. Simu ilikuwa kwenye spika. Alikuwa amekaa hapo anasubiri umsalimie aitikie. Sasa simu ikiita anakimbia chini ya kitanda."

Akainuka, akatoka. Nimeandika sentensi zake zote mbili kwenye kila ripoti niliyowahi kushiriki, moja baada ya nyingine, na kila mara mtu mwema ananishauri nichague moja. Siwezi. Nimejaribu kuishi upande wa ile ya kwanza, ambako nilifanya vizuri, na nimeishi miezi mingi upande wa ile ya pili. Nadhani nilichokuwa nikikitafuta kwenye kompyuta ya Ngokolo ni mahali ambapo ukifanya kila kitu sawasawa hakuna anayeumia. Mwaka ule ulinifundisha kwamba mahali hapo hapapo. Sijui kama nimelikubali hilo, au nimechoka tu kulibishia.

Dada Rehema aliporudi nilimwomba tufute kila kitu. Tukazima. Wachimbaji walirudi kwenye duara jingine, kwa kuwa hakuna aliyewauliza kama wanaweza kupumzika, na rafu ikaanza kuita tena, Mama Shija akipokea. Mimi alinipa chakula kama kawaida, ila aliweka sahani mbele yangu bila neno na kwenda zake. Ni wachimbaji wenyewe walioanza kudai ile sauti. Wake zao walikuwa wanaulizia. Nilikataa, nikaogopa, kisha nikawaambia nitairudisha kwa sharti moja, kwamba kabla ya kuwasha nimuulize kila mtu swali, mbele ya wenzake, hapahapa mezani. Ikitokea uko chini na hatujui hali yako, aambiwe nani, na aambiwe vipi?

Hakuna aliyelipenda swali hilo. Mmoja aliniambia naita balaa, akabeba kikombe chake akanywea nje, lakini baadaye alirudi. Wakaanza kujibu, kila mtu akitazama chai yake. "Mimi mke wangu aambiwe, saa hiyohiyo, hata kama amelala." Mwingine akasema, "Wangu hapana. Ana mimba. Mpigieni mjomba, aende na mtu." "Mama yangu asiambiwe lolote mpaka kuwe na la kweli." "Mimi mpigieni mchungaji, yeye anajua njia." Kijana wa supu alifikiri mno, akasema yule wa Kahama aambiwe, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikaingiza majibu moja moja. Mama Shija alikuwa akisonga ugali, mgongo umetugeukia.

Wa mwisho alikuwa mtu wa makamo aliyekuja kutoka mbali kusini, aliyezungumza kidogo. Akasema hana mtu. Nikamwambia, kaka, lazima kuna mtu, hata jirani, hata rafiki wa zamani. Akatikisa kichwa. Nikaona aibu kwa kuwa nimemlazimisha kusema hivyo mbele ya watu. Kisha akanyoosha kidole kuelekea jikoni, taratibu, kama anayeomba kuongezewa mboga.

"Basi aambiwe Mama Shija."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Alikaa hivyo, hakugeuka, mvuke ukimpanda usoni, na mimi vidole vikiwa juu ya herufi, sijui niandike au nisiandike. Yaliyofuata yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku duara lilipobomoka.

"Andika," akasema. "Lakini mimi usinipigie. Njoo."